Ramani ya Lunsa

Kwenye ramani ya kampuni hapa ni patupu:
kijivu, namba, muhuri wa wizara.
Lunsa aliikunja, akafutia tope la panga.

Siku tisa akatembea na simu ya mwanawe,
akinasa nukta kwa nukta
mti wa tapang, vigingi vya babu yake vingali ubavuni,
kaburi la pacha wake,
kijito chenye vyura wanaolia kama bawaba kavu.

Mahakamani Kapit wakamuuliza, hati iko wapi?
Akatandaza karatasi yenye madoa.
"Mniwie radhi," alisema, "tulivuka maji yakiwa kifuani.
Hapo ndipo mto ulipotia saini."

Karani alicheka.
Hakimu hakucheka; alivaa miwani,
akainama, akaanza kusoma nukta ya kwanza.