Koti la Tuyara

Huko Sochi aendako watu wamevaa kandambili.
Hapa Yakutsk, saa kumi na moja alfajiri,
toka mlangoni hadi teksi ni hatua ishirini,
nazo zatosha kuligandisha sikio.

Basi amejivika kama kitunguu:
fulana, sweta, sweta jingine la marehemu,
soksi za manyoya ya mbwa,
na ndani kabisa, kwa siri, gauni la maua
lisiloijua theluji.

Zamani ilikuwa rahisi.
Nyurgun alimsindikiza mpaka penye ukaguzi,
akalipokea lile koti zito begani
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi,
akarudi nalo nyumbani.
Safari hii hakuna wa kumwachia.

“Vua, mama,” asema kijana wa ukaguzi. “Na viatu.”
Avua, avua tena. Trei ya tatu yajaa.
Foleni yaguna.

Kiti chake ni cha dirishani; cha jirani kitupu.
Mhudumu anyoosha mkono alipandishe koti kabatini.
“Liache hapo,” asema Tuyara.
Alikalisha vizuri, alikunja mikono,
kisha alifunga mkanda.