Jumlisha Saba

Michoro miwili ukutani, kibanda cha mabati, Chilonwa,
mwezi wa tisa, upepo ukifunua pembe za karatasi
kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Wa kwanza wa Chidawali, mtu wa rula na kifutio:
kwake kila mshale ni kazi, una mkia na kichwa,
chimba msingi, suka nondo, mwaga zege.
Duara ni pumzi tu,
kazi moja imekufa, nyingine haijazaliwa.
Na pale jambo linaposubiri jambo bila jasho
huweka mshale wa nukta nukta.
Hauli siku, hauli shilingi.
Ufute, uone fundi madirisha anavyofika kabla ya ukuta.

Wa pili wangu, umetoka kwenye kompyuta.
Kazi inakaa sandukuni na jina lake,
mishale ni undugu: huyu akimaliza, yule aanze,
au aanze siku mbili nyuma,
plasta ikimfuata mwashi kama ndama.
Nukta hazimo. Nilimcheka mzee kidogo.

Tulibishana mpaka chai ikapoa.
Njia ndefu ilikuwa ileile kwa wote, siku tisini na moja,
msingi, sakafu, kuta, lenta, paa,
haina hata siku ya kuumwa jino,
na mvua za Desemba mbele.
"Sasa mnagombania nini?" akauliza Mnyukwa, dereva wa boza.

Zege.
Kwa Chidawali, kukomaa kwa zege ni mshale mzima,
mrefu kama kazi yoyote.
Kwangu ni tarakimu iliyobanwa mstarini: jumlisha saba.
Tukafuata wangu. Ni msafi zaidi; hata leo nasema ni msafi.

Zabibu zikaiva Hombolo, vibarua wakaondoka.
Siku ya nne nikakuta sakafu nyeupe, kavu,
nyufa zikitembea kona hadi kona,
mishale ambayo hakuna aliyeichora.
Magunia ya kuifunika yalikuwa stoo, yamekunjwa vizuri.
Nani alipaswa kumwagilia?
Nikarudi kwenye mchoro.
Ndani ya jumlisha saba hapakuwa na mtu.

Tulivunja. Siku kumi na mbili zikaenda na vifusi.

Sasa lipo sanduku jipya, la penseli:
KUSUBIRI. Nyendo. Ndoo ishirini asubuhi, ishirini jioni.
Chidawali alilisoma, akachonga penseli yake,
akaweka nukta, taratibu,
kutoka kwenye boza la Mnyukwa
hadi kwenye ndoo ya kwanza.