Pumzi ya Chini

"Lala chali," anasema Muhindo wa fanfare,
ananiwekea tumboni jiwe la lava.
"Kifua kitulie. Jiwe ndilo lipande."

Jiwe halipandi.

Kule Bulengo mama alitukataza kulala bondeni:
mazuku hukaa chini, haina harufu.
Mbuzi wetu watatu tuliwakuta asubuhi
kama waliosinzia.
Tangu hapo napumulia mabegani,
mfano wa mtu avukaye maji ya shingo.

Muhindo haulizi.
Anatandika koti la sare juu ya saruji,
analala kando yangu, tromboni kifuani.
"Hapa ghorofani," anaiambia dari.
"Mazuku haipandi ngazi."

Navuta kidogo: grisi ya bomba,
sambaza za jirani zikikaangwa,
jasho la koti.

Jiwe linatikisika.

"Tena," anasema.