Nyuma ya Kadi

Mimi ndiye niliyechemsha sindano zake
miaka kumi na mmoja, zahanati ya Kahe,
bati juu, mbu pande zote,
na treni ya mizigo saa nane za usiku
ikitikisa chupa za kwinini kabatini.

Tabibu Ndetaulwa alishushwa huku kutoka mlimani
kwa barua ya serikali na baiskeli isiyo na kengele.
Miezi sita tu, walimwambia.
Aling'oa meno, akazalisha kwa mwanga wa karabai,
akafunga mguu wa mtu aliyekutana na mamba wa Ruvu,
akamzika mkewe hukuhuku, kwa homa ileile
aliyokuwa akiitibu chumba cha pili.
Hakuomba uhamisho. Sikuuliza kwa nini.

Usiku mmoja wa Aprili, mvua imekata barabara,
hakuna mgonjwa ila mtoto mmoja wa Kipare,
akaigeuza kadi, akaandika.
Nilidhani ni dozi.
*Asubuhi huja ukungu,
hubisha hodi mgombani.*
Akamwimbia mtoto kwa sauti yake ya kukwaruza,
bawaba isiyotiwa mafuta.
Mtoto akalala. Mama akaukariri,
akaondoka nao alfajiri
kama mtu anavyoondoka na kijiko cha jirani
bila kujua.

Mahindi yakavunwa mara mbili. Wimbo ukarudi kwa miguu,
umelowa jasho la miwa ya Arusha Chini,
kinywani mwa Ntandu, mkata miwa, kidole kinaning'inia.
Tabibu anashona, Ntandu anaimba ili asilie:
*Asubuhi huja Mungu,
hubisha hodi mgombani.*

Sindano ikasimama.
"Ni ukungu," akasema Tabibu.
Ntandu akacheka, meno yameumana.
"Daktari, wewe shona. Huu ni wa wazee, huujui."
Nikafungua kinywa.
Tabibu akanikanyaga mguu chini ya meza.
Akamaliza mishono saba, akaomba afundishwe ubeti wa pili,
ambao hakuutunga yeye,
na ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza.

Tulimzika Mbokomu, juu kabisa,
miaka thelathini na ushee baadaye.
Kwaya ikauimba. Kwenye karatasi ya ratiba
wamechapa: *wimbo wa jadi, mtunzi hajulikani.*
Wote Mungu, Mungu.
Hata yeye uzeeni aliimba Mungu.
Mimi peke yangu nikasema ukungu,
kimoyomoyo, kwa ubishi tu,
viatu vimejaa udongo mwekundu,
na mlima wenyewe hauonekani.

Kadi ninayo, kwenye kopo la majani ya chai.
Mbele, kwa wino uleule:
Nakijwa, miaka minne. Homa kali.
Kidonge nusu, kutwa mara tatu.
Aletwe tena Jumatatu.

Hakuletwa.
Nadhani alipona.