Saa Moja na Nusu

Mama alifunga waya wa shaba kwenye kamba ya nguo,
ploti namba kumi na saba, Kaptembwa,
ili redio ikamate Maragoli kutoka Nakuru.
Nguo zikiwa mbichi, sauti ilikuja na maji ndani yake.
Kamba ikiwa tupu ilikuja kavu, kama njugu.

Saa moja na nusu, matangazo ya vifo.
Sufuria iliepuliwa. Hata mtoto wa jirani alinyamazishwa.
Ndivyo nilivyojifunza lugha ya baba yangu,
kwa mdomo wa mtu nisiyemjua, akisoma wafu:
mwana wa fulani, mjukuu wa marehemu fulani,
shemeji wa, mkwe wa, wa kijiji cha,
ng'ambo ya mto, karibu na kinu.

Nje tulicheza kwa Kiswahili, tukatukanana kwa Sheng.
Kwa Mama Njambi nilihesabu chenji kwa Kikikuyu.
Lakini koo zetu nilizijua zote,
kwa mpangilio wa mazishi.

Baba, nyusi zimejaa pamba ya kiwandani,
alichovya kidole kwenye chai
akachora mezani njia ya kwenda kwa huyo aliyekufa.
Ilikauka kabla sijafika.

Kisha zamu ya Guga Kisia.
Mtangazaji akawataja wanawe, "na Amugune, aliye Nakuru,"
halafu wajukuu, halafu mimi: Vugutsa.
Mwalimu wangu hulitafuna jina hilo kama mfupa.
Yeye alilitua chini taratibu,
kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Huko Chavakali bibi mmoja alinishika kidevu:
wewe ni wa nani?
Nikajibu kwa pumzi moja, kwa Kilogooli safi:
mwana wa Amugune, mjukuu wa marehemu Kisia,
ndugu, jamaa na marafiki popote walipo wanaarifiwa.
Matanga yakapasuka kwa kicheko. Mtu akamwaga uji.
"Huyu anaongea kama redio!"
"Afadhali," akasema shangazi Kageha. "Wenzake hawaongei kabisa."

Leo jino la binti yangu linaning'inia
na mimi sina neno.
Nina *ameacha mjane*. Nina *atazikwa Jumamosi*.
Nina bei ya mbolea, nina mvua ya Mbale.
Redio haikuwahi kutangaza jino.

Namwandikia shangazi: unamwambiaje mtoto asiogope?
Ananijibu kwa sauti, sekunde tisa kwenye simu.
Ng'ombe, mlango, kikohozi chake,
kisha maneno manne, laini,
na jogoo anayewika juu ya la mwisho.

Tunasikiliza mara tatu. Bado nalipima ulimini
binti yangu ananitangulia,
pengo likipitisha upepo,
maneno yote manne
na jogoo.