Akidi

Kikao kilianza saa nane na robo, ndani ya stoo ya dawa,
kwa sababu chumba cha mikutano kilikuwa na samaki.
Sifanyi mzaha. Kambare wawili, chini ya kabati la chanjo.
Waliohudhuria: wanne.
Wanaotakiwa na sheria: saba.
Nikaandika, mimi karani, kwa mkono wangu:
akidi haikutimia.
Maji yalikuwa yametimia.

Nzoia ilikuwa imeegemea tuta
kama ng'ombe anavyoegemea ua;
haujavunjika, lakini kila mtu anausikia ukilia.

Nasubo, mhudumu wa kijiji, akafungua daftari lake,
lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
akasoma majina kumi na moja,
wote mwezi wa tisa au mlangoni mwake,
wote bondeni, chini ya tuta.
Wa nne ana presha. Wa saba amepasuliwa mara mbili.
Alisoma polepole, kama anayehesabu chenji ya mwenzake.

Mwenyekiti Ogutu akavua miwani.
Pesa zilizopo, akasema, ni za rangi ya ua.
Elfu kumi na nane na mia nne, kifungu cha ukarabati.
Mafuta ya boti si ukarabati.
Nilimwona anamwogopa mkaguzi kuliko mto,
na sikumcheka:
mwaka juzi alilipia godoro mfukoni mwake
kwa kukosa risiti ya ukubwa wa kiganja.

"Tungoje neno kutoka Busia."

Sista Namulanda hakuinua sauti.
Alikuwa anafunga glavu ndani ya mfuko wa unga,
fundo, fundo, fundo.
"Busia wananiambia ningoje tangu Jumanne.
Uchungu haujui Jumanne.
Tuta likikatika usiku, Wandera haendeshi boti gizani,
na mikono yangu mimi haifiki huko."

Mvua ikaongea juu ya mabati, ikaunga mkono hoja.

"Andika," Ogutu akaniambia.
Niandike nini?
"Andika kwamba ua wetu ni tuta,
na rangi yake ni petroli."
Ndivyo ilivyo kwenye kumbukumbu, ukurasa wa thelathini na moja.
Mkaguzi ameuzungushia kalamu nyekundu.

Boti ilikwenda mara tatu.
Wa saba alisema haachi mbuzi wake,
basi mbuzi akapanda kwanza.
Tukawalaza darasa la sita, shule iliyo juu mlimani,
ubaoni bado mna sehemu za jana,
nusu, robo, thumni,
na chini ya thumni, saa tisa usiku,
wa nne akajifungua msichana
tukisikia tuta likikatika kwa mbali,
kama lori linalomwaga kokoto, lisimalize.

Kumi na mmoja. Wote.
Ningependa kuishia hapa.

Alikuwepo wa kumi na mbili.
Kibarua wa kupalilia mpunga, mgeni wa wiki mbili,
amepanga chumba kisicho na namba.
Hakuna kliniki iliyompima, hakuna kalamu iliyomgusa.
Wandera alimkuta Alhamisi juu ya paa la kinu cha posho,
mzima, amekumbatia kanga.
Kilichokuwa ndani ya kanga sikukiandika.
Jina lake, tuliuliza baadaye, ni Akumu.

Mkaguzi amekuja. Ametaka risiti.
Ametaka sahihi tatu zinazokosekana.
Ogutu amemjibu kwa adabu, na mkono wake haukutetemeka.
Mimi nimeazima daftari la Nasubo,
chini ya kumi na moja nikapiga mstari,
nikaandika jina moja kwa wino mwingine.
Na kikao kijacho, tukiwa saba au tukiwa wanne,
nimeomba ajenda ya kwanza,
kabla hata ya sala ya kufungua, iwe hii:
nani hayumo?