Muhuri wa Chama

Kitabu cha wanachama, ninacho bado nyumbani,
Kina muhuri wa chama, ngao ya dola usoni,
Majina yamesimama, utadhani ni foleni,
Niliishika kalamu, Makadara ofisini.

Serikali ikatupa, chumba na meza ya mbao,
Na rangi nyingi za chupa, na ruzuku ya mgao,
Nasi tukawa twalipa, kwa picha za nyuso zao,
Kila siku ya gwaride, zatundikwa uwanjani.

Nyawa alipougua, chama kilitoa dawa,
Mauti kumchukua, sanda ikanunuliwa,
Mkewe akafungua, bahasha ya kuchangiwa,
Sikisemi kwa ubaya, ila moja li moyoni.

Mwanate wa Kibokoni, alileta ombi lake,
Akatandaza mezani, korosho za leso zake,
Tukanong'ona pembeni, “Hizi ni nguo za kike,”
Nikalikata kwa wino, jina lake kitabuni.

Ruzuku ikakauka, meza yauzwa usiku,
Na zile nyuso tukuka, zaziba banda la kuku,
Hata mimi nazeeka, nahesabu tu masiku;
Juzi, harusi Majengo, nikasita mlangoni.

Korosho zake Mwanate, wanawake wajifunga,
Mabibi, mabinti wote, hata mtoto mchanga,
Bila muhuri wowote, zimeishi na kutanga.
Nimelirudisha jina: muhuri niombe nani?